Mkono Uliovunjika ni Amana



Katika nyumba zetu twazungumza sana juu ya homa, juu ya kikohozi na juu ya maji machafu, na vema tufanyavyo. Lakini ni mara chache tukaketi na watoto wetu tukazungumza juu ya mkono uliovunjika. Twaliona jambo hilo kuwa dogo. Mtoto ameanguka, mkono umevunjika, utafungwa, utaunga, na maisha yataendelea. Na kweli, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, mikono mingi huunga. Lakini iko mikono isiyoharibiwa na kuanguka. Hiyo huharibiwa na tiba. Mtoto alianguka akiwa na mkono uliovunjika, akatibiwa, kisha akabaki na mkono usiofaa kitu. Hayo ndiyo tunayotaka kuyazungumza mwezi huu, hasa pamoja na ndugu zetu wa Dodoma na nchi ya kati, ambako masafa ni marefu na watoto hupanda miti.

Thamani ya mkono

Mkono wa mwanadamu, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Mikono miwili ina mifupa 54, nayo ni zaidi ya robo ya mifupa yote 206 ya mwili wa mtu mzima. Hakuna pahali pengine mwilini palipokusanywa kazi nyingi kiasi hicho katika nafasi ndogo kiasi hicho. Kwa mkono huo mtu hushika jembe na kalamu, hutawadha, hukanda unga, hufunga kifungo cha shati, humbeba mwanawe.

Sheria ya Kiislamu imeitambua thamani hiyo waziwazi. Fidia ya mtu aliyeuawa kwa makosa ni ngamia 100. Fidia ya mkono mmoja uliopotea ni nusu yake, yaani ngamia 50, na ya kila kidole ni ngamia 10. Wala hapana tofauti baina ya dole gumba na kidole kidogo. Vyote ni sawa. Atakayeketi akaifikiri hesabu hiyo ataona kwamba anayeushika mkono wa mwenziwe ili autibu ameshika nusu ya mtu mzima. Je, kitu kama hicho hushikwa kwa kubahatisha?

Mtoto wa mkwaju

Natumchukue mtoto ambaye kila msomaji wa Kondoa, wa Mpwapwa, wa Bahi au wa Chamwino amjua, ingawa jina lake si moja. Ana umri wa miaka sita au saba. Ametoka madrasa alasiri, amepanda mkwaju pamoja na wenziwe, tawi limekatika, naye ameanguka huku akitanguliza mkono. Umevunjika juu kidogo ya kiwiko. Mvunjiko huo ndio ulio mwingi kuliko mingine yote ya kiwiko kwa watoto wa umri wake, nao ndio uliojaa hatari kuliko wanavyodhani wazee wengi, kwani mshipa mkubwa wa damu unaokwenda mkononi wapita karibu kabisa na pale mfupa ulipokatika.

Baba yake anafikiri. Zahanati ya kijiji haina mashine ya eksirei. Hospitali yenye mashine iko mbali, na huenda ni msimu wa mvua na makorongo yamejaa. Nauli yahitajika, na kazi ya shamba yangoja. Tena iko hofu moja ambayo watu huisema kwa sauti ya chini: "Ukimpeleka hospitali watamkata mkono." Jirani anasema yuko mzee wa kijiji cha pili, ana mkono mwepesi, ameunga mifupa ya watu wengi. Basi mtoto apelekwa kwa mzee.

Mzee hana nia mbaya. Anaukanda mkono kwa maji ya moto na mafuta, anauvuta, kisha anaweka mabanzi ya miti pande zote na kuyafunga kwa kamba au kwa kitambaa, kwa nguvu, kwani kwa rai yake mfupa usiobanwa hauungi. Mtoto analia. Usiku analia zaidi. Mama anataka kuilegeza kamba, lakini anaambiwa: "Iache. Maumivu hayo ndiyo dalili ya kuunga." Siku ya pili mtoto hawezi kunyoosha vidole. Siku ya tatu hajisikii kitu vidoleni, naye ananyamaza. Nyumba nzima yamshukuru Mungu kwamba amepata nafuu. Lakini kunyamaza huko si nafuu. Mkono umekufa ganzi.

Yaliyotokea ndani ya mkono

Yafaa kila mzazi afahamu mambo haya, nayo si magumu. Misuli ya kigasha, yaani sehemu iliyo baina ya kiwiko na kifundo, imefungiwa ndani ya utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na maji hujikusanya humo, na misuli huvimba. Uvimbe huongezeka katika siku mbili au tatu za mwanzo. Ikiwa juu ya uvimbe huo kumefungwa kamba iliyobana au plasta iliyozunguka mkono mzima, uvimbe hauna pa kwenda. Husukuma kwa ndani, mishipa midogo ya damu huzibwa, na misuli hukosa damu. Misuli ikikaa bila ya damu kwa muda wa saa sita hivi, huanza kufa, na ikisha kufa haifufuki. Baadaye hukauka na kujikunja, nayo huvikunja vidole pamoja nayo, hata mkono ukawa kama ukucha wa ndege. Daktari mmoja wa Kijerumani, Richard von Volkmann, aliueleza ulemavu huo vizuri katika mwaka 1881, na hata leo madaktari wauita kwa jina lake. Na ikiwa damu imezuiwa kabisa, mkono huoza. Hilo ndilo donda ndugu, ambalo dawa yake ni kukata.

Sasa msomaji atazame jinsi hofu ile inavyojizalia ushahidi wake. Mtoto hakupelekwa hospitali kwa sababu ya hofu ya kukatwa mkono. Alipopelekwa siku ya nne au ya saba, mkono ulikuwa umekwisha kufa, na daktari hakuwa na njia nyingine ila kuukata ili kuiokoa roho. Watu wa kijiji waliona jambo moja tu, ya kwamba ameingia hospitali na mkono, akatoka bila ya mkono. Habari zaenea, hofu yakua, na mtoto wa pili atakayeanguka kutoka mtini atapelekwa palepale alipopelekwa wa kwanza. Hapana atakayeikata duara hiyo isipokuwa mtu anayefahamu kwamba mkono ulipotea usiku wa kwanza, wakati ulipokuwa ukilia na kuambiwa unyamaze.

Kosa si la mganga peke yake

Lakini haitakuwa uadilifu tukimlaumu mzee wa kijiji tukawaacha wengine. Plasta, ambayo watu wetu huiita hogo, imetumika kwa mivunjiko tangu katikati ya karne ya 19, alipoieneza daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen. Ni neema kubwa. Lakini hogo lililozungushwa mkono mzima juu ya mvunjiko wa leo, uliokwisha kuanza kuvimba, labana kama ile kamba ya mzee, na pengine zaidi, kwa sababu kitambaa hulegea lakini hogo halilegei. Ndiyo maana madaktari waangalifu huweka kwanza nusu ya hogo upande mmoja tu, wakaifunga kwa bendeji, na kuizungusha yote baada ya uvimbe kupungua. Anayezungusha hogo zima siku ya kwanza, akamrudisha mgonjwa kijijini bila ya kumwambia dalili za hatari, amefanya kosa lilelile akiwa amevaa koti jeupe.

Yako na makosa mengine katika tiba ya mkono yanayojirudia duniani kote, na yafaa vijana wetu wayajue.

La kwanza ni mfupa mdogo wa kifundo, wenye umbo la mashua, ulio upande wa dole gumba. Kijana ameanguka kutoka juu ya pikipiki, ametanguliza kiganja. Picha ya siku ya kwanza mara nyingi haionyeshi kitu. Huambiwa ameteguka tu, apewe dawa ya maumivu, aende zake. Mfupa huo hupata damu yake kwa upande mmoja zaidi, na ukivunjika bila ya kutibiwa, kipande kimoja huweza kufa, na baada ya miaka kifundo kizima kikawa na maumivu yasiyoondoka. Kanuni ni nyepesi. Ikiwa panauma katika kile kishimo kilicho chini ya dole gumba, mkono ufungwe kama uliovunjika hata kama picha ni safi, na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14.

La pili ni kidole kilichovunjika na kuzunguka. Kikinyooshwa huonekana sawa. Mgonjwa akikunja ngumi, kidole hupanda juu ya mwenziwe. Asiyemwambia mgonjwa akunje vidole halioni kosa hilo mpaka mfupa umekwisha kuunga vibaya.

La tatu ni jeraha la mtu aliyempiga mwenziwe ngumi ya mdomo. Huonekana mkwaruzo mdogo juu ya kifundo cha kidole, lakini jino huenda limeingia ndani ya kiungo na kuacha sumu yake. Vijana huona haya kueleza walivyoumia, na aliyewatibu hawaulizi. Kwa haya hiyo mkono huoza. Daktari aambiwe kweli.

La nne ni kuviacha vidole vimefungwa muda mrefu kupita haja. Vidole ni viumbe vya mwendo. Visipochezeshwa hukauka, na mara nyingi ukaukaji huo humletea mtu hasara kuliko mfupa wenyewe uliovunjika. Kwa hiyo vidole vilivyoachwa nje ya hogo vichezeshwe kila siku tangu siku ya kwanza.

Vidole viwili, kisha vinne

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya nchi maskini tu. Katika mwaka 1951 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikata kesi iitwayo Cassidy dhidi ya Wizara ya Afya. Mtu mmoja, mfanyakazi wa kazi za mikono, aliingia hospitali moja ya Liverpool kwa sababu vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimejikunja. Alipasuliwa, kisha mkono ukafungwa juu ya gango kwa muda wa siku 14 hivi. Katika siku hizo alilalamika kwamba anaumwa kupita kiasi. Hakusikilizwa kama ilivyopasa. Gango lilipoondolewa, vidole vyote vinne vilikuwa vimekakamaa, na mkono haukufaa kwa kazi.

Mahakama ya kwanza ilimnyima haki, kwa kuwa hakuweza kuonyesha ni nani hasa aliyekosea, na kwa tendo gani. Mahakama ya Rufaa iliipindua hukumu hiyo. Majaji, na miongoni mwao Jaji Denning, waliona kwamba mtu aliyeingia na vidole viwili vibovu akatoka na vinne, naye muda wote alikuwa mikononi mwa watumishi wa hospitali, hawezi kutakiwa yeye aeleze kilichotokea. Hospitali ndiyo iliyopaswa kueleza, nayo haikuweza. Tangu hapo ikawa vigumu kwa hospitali kujificha nyuma ya daktari wake mmoja mmoja. Sheria ya mahakama za kwetu juu ya uzembe imetokana na ile ya Uingereza iliyopokewa Tanganyika tangu mwaka 1920, kwa hiyo kesi ya fundi yule wa Liverpool si ya ugenini kabisa. Nasi twaona kwamba mtu mzima wa Liverpool mwaka 1951 na mtoto wa mkwaju wa Kondoa walisema neno moja, nalo ni: "Naumia." Wote wawili waliambiwa wavumilie.

Na kwetu yako ya kukumbukwa. Katika mwezi wa Novemba 2007 Watanzania walishtushwa na habari za Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishwa katika chumba cha upasuaji. Aliyekuwa na maradhi ya goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na maradhi ya kichwa alipasuliwa mguu. Wa pili alifariki baadaye. Hapo hapakukosekana elimu, wala mashine, wala madaktari waliosoma. Kilichokosekana ni kuuliza: "Wewe ni nani, na umekuja kutibiwa nini?" Hatuyataji hayo ili kuitukana taasisi ambayo imewasimamisha tena kwa miguu yao watu wasiohesabika. Twayataja kwa sababu uangalifu hauwezi kuachiwa upande mmoja. Mgonjwa anayepelekwa kupasuliwa, au mzazi wake, ana haki ya kusema kwa sauti jina lake lote, na mkono upi, wa kulia au wa kushoto.

Dini yetu yasemaje

Mtume wetu (s.a.w.) amefundisha, na mafundisho hayo yamepokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, kwamba mtu ajitiaye kutibu naye hajulikani kuwa na elimu ya tiba, huwa dhamana ya madhara atakayoyaleta. Nia njema yake haimwondolei dhamana hiyo.

Mwanachuoni Ibn al-Qayyim wa Damascus, aliyefariki mwaka 1350, amewagawa wanaotibu katika mafungu matano. Wa kwanza ni mjuzi aliyepewa idhini, akatimiza haki ya kazi yake, mkono wake usikosee, kisha madhara yakatokea. Huyo hana dhamana. Wa pili ni asiyejua aliyejitia kujua. Huyo ni dhamana. Wa tatu ni mjuzi ambaye mkono wake umeteleza ukagusa pasipohusika. Wa nne ni mjuzi aliyekosea rai akaamuru dawa isiyofaa. Hao wawili hawana dhambi ya kukusudia, lakini fidia haiondoki. Wa tano ni mjuzi aliyetibu bila ya idhini, na juu yake wanavyuoni wamejadiliana.

Katika fungu la pili Ibn al-Qayyim ameongeza neno linalotuhusu sisi wazazi. Kama mgonjwa alijua kwamba huyo hana elimu, naye akamruhusu amtibu, basi mganga hana dhamana, kwa kuwa mgonjwa amejidhuru mwenyewe kwa hiari yake. Basi natujiulize: mtoto wa miaka sita aliruhusu nini? Yeye hakuchagua. Aliyechagua ni baba au mama. Mzigo ule, kwa mtoto, unakwenda kwa nani?

Wala hatusemi kwamba ufundi wa kuunga mifupa ni haramu au ni wa kudharauliwa. Waislamu wa zamani waliuheshimu mno, na kwa heshima hiyo wakauwekea masharti. Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013, katika kitabu chake kikubwa chenye sehemu 30, aliipa mifupa nafasi yake pekee katika sehemu ya mwisho, ya upasuaji, naye akawalalamikia wajinga waliouingia ufundi huo bila ya kusoma. Katika nchi ya Sham, zama za Sultani Salahuddin, ash-Shayzari aliyeandika juu ya kazi ya mkaguzi wa masoko alisema kwamba mwunga mifupa asiruhusiwe kutibu mpaka ajue sura ya kila mfupa na idadi ya mifupa yote, ambayo kwa hesabu ya zama zao ilikuwa 248. Miaka zaidi ya 800 iliyopita, mwunga mifupa wa sokoni alitakiwa kufanya mtihani! Basi mwunga mifupa wa leo asione ni dharau akiambiwa ajisajili kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililowekwa na sheria ya mwaka 2002, na ajifunze kuutambua mkono usiopata damu. Tukimfundisha jambo moja tu, la kutobana na kulegeza mara dalili zinapotokea, tutakuwa tumeokoa mikono mingi.

Na tawakali? Kumtegemea Mungu hakumzuii mtu kuilegeza kamba.

Ya kufanya nyumbani

Tunawaomba akina mama na akina baba wayasome haya mbele ya watoto wao wakubwa, kwani mara nyingi dada au kaka ndiye anayekuwapo wakati wa ajali.

Mara mkono unapoumia, vueni pete, bangili, saa na hirizi zilizofungwa mkononi, kabla ya uvimbe kuja. Msiukande, msiuvute, msiutie maji ya moto. Ushikizeni kama mlivyoukuta, kwa ubao mwepesi au hata gazeti lililokunjwa, kwa kitambaa kisichobana, kisha utundikeni shingoni kwa kanga. Pakiwa na jeraha lililo wazi, lifunikeni kwa kitambaa safi na mwende hospitali siku hiyo hiyo, kwani mfupa ulioonana na hewa wahitaji dawa za kuzuia sumu na sindano ya pepopunda.

Nendeni penye eksirei. Picha ichukuliwe pande mbili, wa mbele na wa ubavuni, kwa maana mfupa ukitazamwa upande mmoja waweza kudanganya. Aliye mbali aanze na zahanati au kituo cha afya, aombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Mivunjiko migumu hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, au Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo katika jiji hilo hilo. Zamani mgonjwa wa namna hiyo aliambiwa aende Dar es Salaam. Leo mlango mkubwa uko karibu zaidi.

Baada ya kufungwa, uinueni mkono juu ya mto, uwe juu ya moyo, ili uvimbe upungue. Na usiku wa kwanza asilale kila mtu. Mmoja awe mlinzi, avitazame vidole kila baada ya saa moja au mbili. Atazame mambo haya: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hata baada ya dawa; maumivu makali mtu mwingine anapovinyoosha vidole vya mgonjwa polepole; vidole vilivyopauka, au vilivyogeuka rangi, au vilivyo baridi; ganzi; na kushindwa kuvichezesha. Dalili ya kwanza ikitosha msingoje ya mwisho. Mapigo ya mshipa yaweza kusikika bado, hali misuli inakufa, kwa hiyo yasiwadanganye.

Mkiona dalili hizo, na mkono umefungwa kwa mabanzi na kamba, ifungueni kamba saa ile ile. Hapana haja ya kuomba ruhusa ya mtu. Ikiwa ni hogo, nendeni usiku huo huo kwenye kituo kilicho karibu, hata kama sipo mlipofungiwa, mkaombe likatwe pamoja na bendeji na pamba zote za chini mpaka ngozi ionekane. Njiani mkono uwekwe usawa wa moyo, usiinuliwe tena juu. Mfupa uliolegezwa unaweza kupangwa upya kesho. Misuli iliyokufa haipangwi.

Kudai haki kwa adabu

Pengine yote hayo yamefanywa, na mkono umeharibika. Hapo twawaomba ndugu zetu wapambanue. Si kila mkono uliopinda ni dalili ya uzembe. Mifupa mingine husagika vibaya, na daktari hodari hufika mwisho wa uwezo wake. Kumtukana daktari hadharani, au kumpiga, ni dhuluma. Lakini kusema "ni kudra" na kunyamaza mbele ya uzembe ulio dhahiri nako si uchaji Mungu, kwa kuwa atadhurika mtoto wa mwingine.

Anayedai na awe na karatasi. Tunzeni picha za eksirei, vyeti, barua na risiti. Andikeni siku na saa mlipolalamika, na mlijibiwa nini. Anzeni na mganga mkuu wa hospitali yenyewe. Malalamiko juu ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo chini ya sheria ya mwaka 2017 lina mamlaka ya kuchunguza na kuadhibu. Anayetaka fidia mahakamani ajue kwamba madai ya uzembe yana muda wake, nao ni miaka 3, na anayeidai Serikali hutakiwa kuipa kwanza taarifa ya siku 90. Wengi hupoteza haki zao kwa kungoja.

Ndugu zetu, tulianza na mtoto aliyeanguka kutoka mkwajuni. Laiti usiku ule mama yake angalithubutu! Alikuwa amekaa kando ya kitanda, alisikia kilio, mkono wake ulikwisha kugusa fundo la kamba, akaurudisha kwa kuambiwa kwamba maumivu ni dalili ya kuunga. Kama gazeti hili litafika katika nyumba moja tu ya nchi ya kati, na likamfikia mama mmoja kama huyo kabla ya usiku kama huo, akalifungua fundo, tutakuwa tumelipwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape waganga wetu elimu na hofu yake, awape wazazi wetu busara, na awahifadhi watoto wetu na mikono yao. Amin.